Tawi la Kiwasteki katika lugha za Kimaya

Wanaisimu wanaposema "tawi" la familia ya lugha, wana maana ya kundi la lugha zilizotokana na lugha moja mzazi, na ambazo zilipitia mabadiliko fulani pamoja kabla ya kuachana. Kufanana tu hakutoshi. Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro huwekwa katika kundi la Sabaki kwa sababu hiyo: si kwamba maneno yao yanashabihiana tu, bali kuna mambo yaliyobadilika kwao wote na hayakubadilika kwa Wabantu wengine.

Familia ya Kimaya ina lugha zipatazo 30, na kwa kawaida hugawanywa katika matawi sita: Kiwasteki, Kiyukateki, Kicholi-Kitseltali, Kikanjobali, Kimame na Kikiche. Karibu lugha zote hizo ziko jirani kwa jirani katika nyanda za juu za Guatemala, jimbo la Chiapas, rasi ya Yucatán na Belize. Kiwasteki kiko peke yake. Kinasemwa mashariki mwa Meksiko, katika majimbo ya San Luis Potosí na Veracruz, mamia ya kilomita kutoka kwa ndugu zake, kikiwa kimezungukwa na majirani wasio na nasaba nacho kama Kinahuatli, lugha ya Waazteki. Wenyewe hujiita Téenek. Jina la Kiwasteki walipewa na Wanahuatli, kisha Wahispania wakalichukua. Wasemaji wake leo wanapita 160,000. Na hata pale ambapo lugha imetoweka, majina ya miji yamebaki: ile "Tam" au "Tan" ya mwanzoni katika Tampico, Tamazunchale na Tantoyuca ni neno lao la kuonyesha mahali.

Maelezo yaliyozoeleka, yanayotokana zaidi na kazi ya mwanaisimu Terrence Kaufman, ni kwamba Kiwasteki ndicho kilichoachana na Kimaya cha awali kabla ya wengine wote, yapata mwaka 2200 KK. Tarehe hiyo ni makadirio yatokanayo na kuhesabu maneno ya msingi yaliyobadilika, na mimi nisingeishikilia kama mwaka wa kuzaliwa kwa mtu. La maana ni mfuatano wake: Kiwasteki kwanza, wengine baadaye. Ikiwa ni hivyo, Wateenek walikuwa wameshajitenga muda mrefu kabla ya zama za miji ya kale ya Wamaya kama Palenque na Tikal, na hawakuhusika na ule mwandiko maarufu wa Kimaya, ambao lugha yake ni ya upande wa Kicholi.

Sasa tazama ushahidi wenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. "Nyeupe" kwa Kikiche ni saq, na hiyo q hutamkwa nyuma kabisa, kama qaf ya Kiarabu. Kwa Kiwasteki cha San Luis Potosí ni thakni', ikianza na th kama ya "thamani". Basi s imegeuka th, na q imegeuka k. Ile k ya zamani nayo haikubaki mahali pake. "Mbili" na "nne" kwa Kikiche ni keb' na kajib'. Kwa Kiwasteki cha Veracruz ni cháb na ché', na San Luis Potosí husema tsáb na tsé'. Sauti zimesukumana: k imeenda kuwa ch, kisha q ikaingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Tatizo ni kwamba Kitsotsili cha Chiapas, ambacho ni cha tawi la Kicholi-Kitseltali, nacho husema chib na chanib, na "nyeupe" kwao ni sak. Mabadiliko ni yale yale. Je, si ushahidi kwamba Kiwasteki ni ndugu wa karibu wa lugha hizo na hakikutoka mapema? Watafiti John Robertson na Stephen Houston walitetea wazo la namna hiyo mwaka 2015. Mwanaisimu Lyle Campbell na Kaufman walikuwa wameshaeleza tangu 1985 kwamba mabadiliko hayo yangeweza kutokea kila upande kivyake.

Naegemea upande wa Campbell na Kaufman, na sababu yangu iko mdomoni mwa kila msemaji wa Kiswahili. Ki- ikikutana na irabu huwa ch-: chakula, chombo, cheo. K kulainika kuwa ch ni jambo jepesi kwa ulimi, na limetokea katika lugha nyingi ambazo hazijawahi kukutana. Badiliko jepesi namna hiyo ni shahidi dhaifu wa undugu. Kinachobeba uzito ni badiliko lisilo la kawaida, au mengi yaliyofuatana kwa mpangilio ule ule. Hata hivyo hoja ya Robertson na Houston imewalazimisha watu kurudi kwenye data, na hilo ni jema.

Tawi hili lilikuwa na lugha ya pili, nayo inaleta fumbo lake. Kichikomuselteki kilisemwa Chicomuselo na vijiji vya karibu, huko Chiapas, jirani na mpaka wa Guatemala, katikati ya Wamaya wengine. Lakini kinafanana mno na Kiwasteki, kiasi kwamba lazima wawili hao waliachana baada ya tawi lao kujitenga na familia. Kwa hiyo kuna waliofunga safari ndefu. Kaufman aliona kwamba walioishi Chiapas ndio waliorudi kusini. Wengine hudhani Wateenek ndio waliochelewa kupanda kaskazini.

Kwenda kuwauliza wasemaji haiwezekani tena. Mjerumani Franz Termer alipofika huko mwaka 1926 aliwakuta wazee wachache tu waliokuwa bado wanakijua, na kufikia miaka ya 1980 lugha ilikuwa imekwisha. Kimebaki kitabu kidogo cha maungamo cha mwaka 1775, kilichoandikwa ili padri aweze kuwahoji waumini kwa lugha yao, pamoja na orodha za maneno zilizokusanywa na wasafiri.