Betri ya haibridi haifi kwa sababu imefika kilomita laki moja

“Usinunue haibridi iliyotumika. Ikifika kilomita laki moja betri inakufa, gari linabaki skrepa. Chukua Vitz.” Ujumbe huu kuhusu haibridi, yaani gari linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, umezunguka kwenye magrupu kwa miaka. Ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Unawatisha watu waliojinyima kwa muda mrefu kutafuta gari.

Kilomita peke yake haziui betri. Betri ya Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza ni vipande 20 vilivyounganishwa. Mara nyingi huanza kuchoka kimoja au viwili, taa ya onyo inawaka, na mwenye gari anaambiwa betri yote imekwisha. Hapo ndipo uvumi unapopata nguvu, kwa sababu taa ameiona kweli.

Adui mkubwa ni joto. Tazama karibu na siti ya nyuma: kuna tundu linalovuta hewa ya kupooza betri. Likizibwa na vumbi au mizigo, betri inapata joto na kuchakaa taratibu.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi achomeke mashine ya kupima, asome volti za kila kundi la vipande vya betri huku gari likitembea. Kundi moja likishuka mbali na mengine, ulizia bei ya matengenezo kwanza.

Vitz ya injini ndogo ni gari zuri pia, hasa kwa safari ndefu za barabara kuu. Haibridi faida yake iko kwenye foleni: kila ukikanyaga breki, umeme kidogo unarudi kwenye betri.