Ubora wa mikopo ni nini, na mabenki yakigombania wateja unakuaje?

Ukipita mjini Malindi mwisho wa mwezi hukosi kusimamishwa na vijana wa benki wamevaa tisheti, mkopo bila dhamana, unapata leo leo. Watu wanafurahi, na mimi sikatai, lakini kuna kitu hawakwambii, kinaitwa ubora wa mikopo.

Ubora hapa si riba kua ndogo. Ni hivi tu, pesa iliyotoka inarudi au hairudi? Kenya mkopo ukipitisha siku 90 haujalipwa unahesabiwa mbovu, wenzetu Tanzania wanauita mkopo chechefu (neno zuri, sisi hatuna).

Sasa benki ikiwa peke yake mji mzima inajipangia riba, na riba ikizidi sana mwenye biashara yake ya kutulia anakimbia, anabaki yule wa kubahatisha. Kwa hio wakija wapinzani riba ikashuka, watu wanapumua na wanalipa. Hapo ushindani ni dawa.

Lakini faida nayo inapungua, na ofisa ana tageti yake. Chukua mvuvi anataka injini ya boti. Ofisa mwenye akili atamuuliza, kusi ikiingia utalipa na nini? Manake kuanzia Aprili hivi bahari inachafuka, wageni nao wamepungua, miezi kadhaa pesa ni za shida. Sasa ofisa akijua mteja akiudhika atavuka barabara aende benki ya jirani, swali lenyewe analimeza. Mvuvi anachukua hapa, anachukua kule, na kwa simu juu yake, kila mkopeshaji anaona deni lake tu, kumbe samaki ni wale wale.

India jimbo la Andhra Pradesh yaliwakuta haya 2010, wakopeshaji wadogo wadogo walijazana kwa wanawake wale wale wa vijijini, mtu anakopa huku alipe kule, serikali ikaingilia na sheria kali na malipo yakaporomoka. Ndio maana kuna CRB, yaani ofisi za kuweka kumbukumbu za wakopaji, wakopeshaji waonyeshane nani anadaiwa wapi. Bila hio wanashindana wamefumba macho, na nchi zetu hizi ambapo wengi hawana payslip wala hesabu za kuandika, macho yenyewe ni hayo tu.

Na msidhani kushusha riba kwa amri ni sawa na ushindani. Kenya tulijaribu, Septemba 2016 mpaka Novemba 2019 riba ilifungwa isizidi asilimia 4 juu ya ile ya Benki Kuu. Mabenki yakaona mkopaji mdogo hana faida tena, yakapeleka pesa kwa hati za serikali, yaani kuikopesha serikali yenyewe. Kwa hio mvuvi hakua anashindana na mvuvi mwenzake kupata mkopo, alikua anashindana na serikali, na serikali haiulizwi habari za kusi.