Mti wa kusukuma damu haumfai msichana anayeumwa tumbo

Wiki hii tena, hapa Kadutu mjini Bukavu, mama mmoja alinieleza kwamba binti yake huumwa tumbo kila anapokwenda mwezini kwa sababu ya damu chafu iliyoganda, na kwamba alikwisha kumchemshia mti mchungu ili itoke upesi. Ninawaheshimu akina mama wanaojua miti, lakini imani hii inawaumiza watoto wetu, nami siwezi kuendelea kuinyamazia.

Hakuna uchafu wowote unaosubiri kusukumwa. Ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huikaza misuli yake kwa nguvu hata damu inayoilisha ikapungua, na hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Kwa kawaida hayaanzi na hedhi za mwanzo kabisa, bali baadaye, mayai yanapoanza kupevuka vizuri, kwa hiyo mama asimshuku binti yake eti kwa kuwa mwaka jana hakuumwa.

Sasa fikirini kazi ya mti unaosifiwa kwamba unasukuma. Katika miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, akiwa nchini mwetu Kongo, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uzazi. Ndani yake mlikuwa na kiini kinachokaza tumbo la uzazi, na kuchemshwa hakukukiharibu. Wazee hawakukosea hata kidogo: mti huo una nguvu kweli. Ila nguvu hiyo ni ya mwanamke anayezaa, na kumpa msichana ambaye misuli yake imekwisha kukaza kupita kiasi ni kumwongezea kilekile kinachomliza.

Tangawizi ni jambo lingine, kwa kuwa yenyewe hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Katika utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka 2009, wanafunzi 150 waligawanywa, wengine wakapewa unga wa tangawizi miligramu 250 mara nne kwa siku kwa siku tatu, wengine dawa za maumivu, yaani ibuprofeni au asidi ya mefenamiki, na nafuu ikalingana. Hata hivyo nina shaka moja: ule ulikuwa unga mkavu uliopimwa, ilhali sisi tunakatakata mzizi mbichi sokoni na kuutia sufuriani kwa kukisia, basi siwezi kumwahidi mtu kwamba kikombe chake kina nguvu ileile. Ninaishauri hata hivyo, ianzwe mara dalili zinapoonekana, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu. Ibuprofeni nayo si aibu; inywewe baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo asiiguse.

Lakini maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi, yanayokuja hata nje ya hedhi, au yasiyosikia tangawizi wala ibuprofeni, yapelekwe kwa daktari, maana endometriosisi, ugonjwa wa nyama zinazofanana na ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi kuota nje yake, huwapata hata wasichana wa shule.