Je, wajua? Kilichomkinga Tom Crean na kiseyeye Antaktika hakikuwa tunda

Muulize mtu aliyemaliza darasa la saba kiseyeye kinaletwa na nini, atakujibu bila kusita: ukosefu wa vitamini C. Muulize vitamini hiyo inapatikana wapi, atataja machungwa, malimau, mapera na maembe. Jibu la kwanza ni sahihi. La pili linakwama ukifika Antaktika, kusikoota mti wowote. Huko ndiko Tom Crean wa Ireland alikokwenda mara tatu kati ya 1901 na 1917, akarudi mzima kila mara, ilhali baadhi ya wenzake kiseyeye kiliwalaza hoi. Yeye alipata wapi kinga?

Kwa sili, mnyama wa bahari za baridi anayenyonyesha. Nyama yake na ini lake, mnyama akiwa ameuawa karibuni na nyama isipikwe mno.

Crean alizaliwa mwaka 1877 kwenye shamba dogo karibu na kijiji cha Annascaul, jimbo la Kerry, katika nyumba yenye watoto wengi na mali kidogo. Akiwa bado kijana mdogo, mwaka 1893, aliingia Jeshi la Majini la Uingereza kwenye ngazi ya chini kabisa. Desemba 1901 meli ya Discovery ya mpelelezi Mwingereza Robert Falcon Scott ilikuwa bandarini Lyttelton, New Zealand, ikiwa imepungukiwa baharia mmoja. Crean, aliyekuwa kwenye manowari ya Ringarooma papo hapo, akajitolea kuziba pengo.

Wakati huo hata madaktari hawakujua vitamini ni nini. Wengi waliamini kiseyeye ni sumu inayotokana na nyama ya kopo iliyoanza kuoza. Kwa imani hiyo, ndani ya Discovery makopo yalikaguliwa na kunuswa kabla nyama haijafika mezani. Ugonjwa ukaingia hata hivyo. Mwaka 1902, majira ya baridi yalipokuwa yanaisha, kundi lililotoka safarini lilirudi na fizi zilizovimba na miguu yenye madoa. Nyama ya kopo ikaondolewa, nyama ya sili ikaliwa kila siku, na baada ya wiki chache wagonjwa wakapona. Tiba ilifanya kazi, nadharia ikabaki ileile: wakahitimisha kwamba sili alifaa kwa kuwa hana sumu.

Kosa hilo si la kijinga kama linavyoonekana leo. Waingereza walikuwa wameshajua tangu karne ya 18 kwamba maji ya limau yanatibu kiseyeye. Kisha katika miaka ya 1860 jeshi lao la majini likahamia ndimu za visiwa vya Karibi, ambazo zina vitamini C kidogo kuliko limau, na maji yake yakawa yanahifadhiwa muda mrefu na kupitishwa kwenye vyombo vya shaba. Shaba huiharibu vitamini C haraka. Msafara wa Aktiki wa 1875 na 1876 ulikuwa na maji ya ndimu, na bado ukavamiwa na kiseyeye. Mtu akiona dawa ya babu zake imeshindwa mbele ya macho yake, hutafuta maelezo mengine, na nyama iliyooza ilikuwa maelezo yenye mantiki.

Ukweli ni kwamba wanyama wengi hujitengenezea vitamini C mwilini: sili, mbwa, mbuzi, ng'ombe. Ndiyo maana mbwa wa kuvuta sleji, yaani vigari vya kuteleza juu ya theluji, hawaugui kiseyeye hata wakila nyama kavu miezi mfululizo. Binadamu, nyani na simbilisi (guinea pig) tumepoteza kimeng'enya cha mwisho katika utengenezaji huo, hivyo inatubidi tuile iliyotengenezwa na wengine. Msuli wa sili una miligramu chache tu kwa kila gramu 100, lakini ini bichi la sili wa Aktiki limepimwa na kukutwa na zaidi ya 20.

Kiasi hicho kinaonekana kidogo. Kwa nini kinatosha? Chukua mwili kama tanki la lita 1,500 juu ya nyumba, ambapo kila lita ni miligramu moja ya vitamini C. Kila siku tanki hupoteza takriban asilimia 3 ya kilichomo. Likiwa limejaa, siku ya kwanza hutoka lita 45. Likishuka hadi 300, hutoka 9 tu. Dalili huanza karibu na hapo kwenye 300, na bila kuongeza tone lolote utafika baada ya siku 53 hivi. Sasa mimina lita 10 tu kila siku. Tanki halitajaa kamwe, lakini maji yatasimama kwenye 330 hivi, juu kidogo ya mstari wa hatari. Nusu kilo ya nyama ya sili, au kipande cha ini, inaleta kiasi hicho. Viwango hivi ni vya wastani, watu hutofautiana.

Chini ya mstari huo mwili hushindwa kutengeneza kolajeni imara, ile protini inayoshikilia mishipa ya damu, fizi na makovu. Damu huvuja chini ya ngozi, misuli hukakamaa nyuma ya magoti, meno hulegea, na majeraha ya zamani yanaweza kufumuka.

Hayo ndiyo yaliyompata Luteni Edward Evans katika msafara wa pili wa Scott, ambao Crean naye alikuwemo. Tarehe 4 Januari 1912, zikiwa zimebaki kilomita 270 hivi kufika Ncha ya Kusini, Scott aliwarudisha Evans, Crean na William Lashly. Mbele yao kulikuwa na takriban kilomita 1,200 za kuvuta sleji. Chakula kilikuwa biskuti, siagi, sukari, kakao na pemikani, yaani nyama kavu iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta. Nguvu ilikuwemo, vitamini C haikuwemo. Januari ilipokuwa inaelekea kuisha, Evans alilalamika magoti. Katikati ya Februari hakuweza kusimama. Aliwaamuru wamwache. Walikataa, wakamfunga juu ya sleji.

Kilomita 56 kabla ya kambi ya Hut Point nguvu ziliwaishia. Lashly alibaki hemani na mgonjwa. Crean aliondoka peke yake asubuhi ya tarehe 18 Februari, bila skii, bila hema, na biskuti tatu na vipande viwili vya chokoleti. Alifika baada ya saa 18 hivi, na biskuti moja bado mfukoni. Muda mfupi baadaye ikaanza tufani ya theluji. Evans aliokolewa kwa sleji za mbwa, akaishi hadi 1957.

Mbona Evans peke yake? Inaelezwa mara nyingi kwamba hakuipenda nyama ya sili kambini, maana yake alianza safari na tanki pungufu. Crean naye alianza na kundi la farasi, na farasi walipopigwa risasi nyama yao iliingia sufuriani. Lakini Lashly anaharibu hesabu hii: gari la injini lilipoharibika alivuta sleji pamoja na Evans tangu Novemba mwanzoni, na bado alisimama. Kisa cha watu watatu hakithibitishi kitu.

Ushahidi mzito zaidi ni safari ya tatu ya Crean, msafara wa mpelelezi Ernest Shackleton. Meli ya Endurance ilizama Novemba 1915 katika Bahari ya Weddell, na Crean na wenzake waliishi miezi juu ya barafu kwa sili na pengwini. Wanaume 22 walioachwa Kisiwa cha Elephant walikula hivyohivyo hadi walipookolewa Agosti 30, 1916. Kulikuwa na baridi kali, vidole vya mguu vya kijana mmoja vikakatwa, lakini kiseyeye hakikuua mtu.

Upande wa pili wa bara, kundi la msafara uleule lililopeleka akiba ya chakula kwenye barafu ya upande wa Bahari ya Ross lilikaa njiani kwa chakula kikavu. Padri Arnold Spencer-Smith, akiugua kiseyeye, alifariki kwenye sleji Machi 9, 1916, karibu kabisa na Hut Point. Wenzake waliofika walikuta sili ufukweni, wakala, na baada ya wiki chache walikuwa wanatembea tena.