ChIA-PET si ile skani ya hospitali

Mwezi huu ni mara ya tatu nasikia ChIA-PET ikiitwa "ile skani ya saratani". Wa mwisho ni mpwa wangu anayesomea baiolojia hapa Nairobi, tena alisema hivyo akiwa ameshika chupa ya maji iliyopigwa muhuri PET kwenye kitako.

Kwa kifupi, ni mbinu ya maabara ya kutafuta sehemu za DNA ambazo ziko mbalimbali kwenye uzi lakini hukutana ndani ya kiini cha seli, pale protini fulani ilipo. Seli hutiwa fomalini ili vilivyoshikana vigande. Kromatini, yaani DNA pamoja na protini zilizoishika, hukatwakatwa, kingamwili hunasa protini pamoja na DNA yake, ncha huunganishwa, kisha husomwa.

Sasa majina. PET ya hospitali ni ya positroni, aina ya chembe za mionzi. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi. Ya chupa ni plastiki. Hii yetu ni jozi ya vitambulisho, vipande viwili vya DNA, kila kimoja kama herufi 20 katika toleo la 2009. Na ChIA si zile mbegu za supamaketi, ni uchambuzi wa mwingiliano wa kromatini. Kromatini nayo ni jina la rangi tu: Mjerumani Walther Flemming, karne ya 19, alilitoa kwenye neno la Kigiriki la rangi kwa kuwa kitu hicho kilinyonya rangi vizuri chini ya hadubini. Aliita alichokiona, akaishia hapo.

Sisi hatuishii hapo. Tukishaona "mwingiliano", tunaandika kwamba jeni "zinawasiliana". Panda matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni: goti la jirani liko ubavuni mwako safari nzima na hamjasalimiana. Hi-C, mbinu nyingine ya maabara isiyochagua protini, huhesabu waliobanana wote. ChIA-PET huhesabu waliobanana karibu na protini uliyoichagua, kama kipokezi cha estrojeni kwenye seli za saratani ya matiti, kazi iliyotoka Singapore mwaka huo wa 2009. (Nadhani lile neno "saratani" la mpwa wangu lilitokea hapo.) Kama protini hiyo ndiyo iliyowakutanisha, hiyo ni kesi nyingine, iondoe kwenye seli uone kama watatawanyika.

"Kwa hivyo niandikeje, anko?"

Andika zilikutwa karibu, na protini hii ikiwepo. Akafuta "zinawasiliana", ila "skani" aliiacha mpaka nikamwonyesha.