Dawa inayotengenezwa na kiumbe hai haipimwi kama panadoli

Ukinunua insulini kwenye duka la dawa pale Kariakoo, umenunua bioteknolojia, yaani kitu kilichotengenezwa kwa kutumia viumbe hai. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha ya kwanza iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu.

Parasetamoli, yaani panadoli, ni kemikali ndogo. Viwanda viwili vikiitengeneza sawasawa, vitatoa kitu kilekile. Insulini ni protini, na aliyeitengeneza ni kiumbe hai. Joto la tangi wanamokuzwa bakteria likibadilika, au namna ya kuichuja, nayo inaweza kubadilika bila jicho kuona. Ndiyo maana anayeomba kusajili insulini inayofanana na iliyotangulia hudaiwa ushahidi zaidi: umbo lake, nguvu yake, na jinsi kinga ya mwili inavyoipokea. Aeleze pia itafikaje kwa mgonjwa ikiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, katika jiji lenye joto kama letu. (Nawe nyumbani, usiiache ndani ya gari juani.)

Kusoma maombi ya namna hiyo kunataka mabingwa, na msingi tunao. Desemba 2018 TFDA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti dawa ambayo sasa ni TMDA, ilikuwa mamlaka ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa. Chanjo ya malaria ya R21 ilijaribiwa Bagamoyo, jirani yetu kabisa.

Kinachoniuma ni mtafiti kijana anayebuni kitendanishi cha kupima ugonjwa, akamaliza fedha zote, ndipo anapokwenda kuuliza masharti. Akiambiwa takwimu zake hazikukusanywa inavyotakiwa, anaanza upya au anaacha. Serikali impe ushauri rasmi kabla hajaleta maombi, na mapitio ya maadili na ya usalama yaende sambamba. Viwango visilegezwe hata kidogo.

Kubwa zaidi liko njiani. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni, yaani kuzibadilisha jeni ndani ya seli za mgonjwa, kwa wagonjwa wa selimundu, ugonjwa unaowapata watoto wengi sana nchini. Marekani hushauri wanaopata tiba za kuhariri jeni wafuatiliwe hadi miaka 15. Mtoto aliyetibiwa akiishi Mbagala anaweza kuwa amehamia Mwanza kabla ya hapo, hivyo tunahitaji daftari moja la taifa, linalolinda siri zake. Muhimbili wanawafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004. Kumbukumbu hizo ndizo pa kuanzia.