Wakongwe wa NFL: namba zao zinavyosomwa kombo

Fungua wasifu wa mchezaji yeyote wa zamani wa futiboli ya Kimarekani na utakutana na jedwali: misimu, mechi, yadi, nafasi aliyocheza. Jedwali halidanganyi. Tatizo ni kwamba limechapishwa bila kanuni za mwaka wake, na msomaji wa leo analisoma kwa kanuni za leo.

Dhana: Rekodi zao ni ndogo, kwa hiyo walikuwa wa kawaida

Anza na idadi ya mechi. Katika miaka ya 1950 msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ulikuwa na mechi 12. Mwaka 1961 zikawa 14, mwaka 1978 zikawa 16, na tangu 2021 ni 17.

Sasa mchukue Jim Brown wa Cleveland Browns, aliyecheza kuanzia 1957 hadi 1965. Alikimbia na mpira jumla ya yadi 12,312 (yadi moja ni kama sentimita 91). Emmitt Smith, mwenye rekodi, ana yadi 18,355. Ukiishia hapo, Brown ameachwa mbali. Lakini Brown alicheza mechi 118 na Smith 226. Gawanya: Brown anapata yadi 104.3 kwa kila mechi, Smith 81.2. Tena Brown hakuwahi kukosa hata mechi moja, na katika misimu yake 9 aliongoza ligi kwa mbio mara 8.

Dick Lane ni mfano mkali zaidi. Mwaka 1952, akiwa mgeni kabisa katika kikosi cha Los Angeles Rams, alinasa pasi 14 za wapinzani katika mechi 12. Siku hizi mechi zimeongezeka na pasi zinarushwa kwa wingi kuliko wakati huo, na rekodi hiyo bado iko palepale.

Dhana: Palipoachwa wazi ni sifuri

Deacon Jones alikuwa tishio kwa kila kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kuurusha. Kazi yake ilikuwa kumwangusha mtu huyo kabla mpira haujamtoka mkononi. Hata hivyo, ukitafuta hesabu rasmi ya maangusho yake hutaiona, kwa sababu ligi ilianza kuyahesabu rasmi mwaka 1982 na Jones aliacha kucheza mwaka 1974. Watafiti waliorudi kwenye kumbukumbu za mechi wamemfikisha 173.5, nusu ikiwa ni pale wawili wanapomwangusha mtu pamoja. Hesabu hiyo si rasmi. Kinachochekesha ni kwamba jina ambalo Wamarekani wanaliita tendo hilo, "sack", anayetajwa kuliasisi ni Jones mwenyewe.

Silaha yake ilikuwa kofi. Mpira ukianza tu, alimzaba mlinzi wa kwotabeki aliye mbele yake kwa kiganja ubavuni mwa kofia. Mtu akipigwa hapo, hata akiwa na kofia, kichwa kinageuka na macho yanafumba bila hiari, na huo mpepeso wa jicho ndio uliomtosha Jones kupita. Ligi ilipiga marufuku kofi hilo mwaka 1977.

Dhana: Kila mtu alikuwa na nafasi yake moja

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Kabla ya vita vya pili vya dunia kanuni zilibana sana kubadilisha wachezaji, hivyo watu 11 walewale walishambulia na kulinda. Mwaka 1943, vijana wengi wakiwa jeshini, ligi ililegeza kanuni hizo. Uhuru kamili wa kubadilisha ukaja kudumu mwaka 1950, na hapo ndipo vikosi viwili tofauti, cha ushambuliaji na cha ulinzi, vilipozaliwa.

Kwa hiyo jedwali linapomwita Sammy Baugh wa Washington "kwotabeki", limeeleza theluthi moja ya kazi yake. Msimu wa 1943 aliongoza ligi kwa idadi ya pasi zilizofika. Aliongoza pia kwa umbali wa mpira unaopigwa kwa mguu kumsukuma mpinzani nyuma, wastani wa yadi 45.9. Halafu akaongoza kwa kunasa pasi za wapinzani: 11. Katika mechi moja dhidi ya Detroit mwaka huo alirusha pasi 4 za kufunga na kunasa nyingine 4.

Chuck Bednarik wa Philadelphia Eagles huitwa mtu wa mwisho wa dakika 60. Jina limezidi kidogo. Hakucheza pande zote mbili maisha yake yote. Mwaka 1960, akiwa na miaka 35, majeruhi katika kikosi ndio waliomrudisha pande zote. Katika fainali ya Desemba 26 dhidi ya Green Bay Packers alicheza kama dakika 58 kati ya 60. Katika shambulizi la mwisho la mechi alimdaka Jim Taylor wa Packers yadi chache kutoka mstari wa goli, akamlalia chini mpaka saa ikaisha. Eagles 17, Packers 13.

Na lile jina lake la utani, "Concrete Charlie", wengi hudhani lilitokana na ugumu wa mapigo yake. Hapana: "concrete" ni zege, na msimu ukiisha alikuwa akiuza zege. Mishahara ya wakati huo haikumruhusu mchezaji kukaa bure miezi sita.

Dhana: Wachezaji weusi waliingia mwaka 1946

Walirudi mwaka 1946. Ligi ilipoanza mwaka 1920, Fritz Pollard alikuwa ndani na timu yake ya Akron ikachukua ubingwa. Mwaka uliofuata alikuwa kocha pia. Baada ya msimu wa 1933 hakuonekana mchezaji mweusi hata mmoja kwa miaka 12, ndipo Kenny Washington na Woody Strode wakasajiliwa na Rams. Washington, timu aliyowahi kuichezea Baugh, ilikuwa ya mwisho kuwakubali, mwaka 1962.

Dhana: Walicheza vichwa wazi, ndiyo maana waliumia

Kofia zilikuwepo, za ngozi, ila NFL ilizifanya lazima mwaka 1943 tu. Za plastiki ngumu zikashika kasi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940. Kofia ngumu huzuia fuvu lisipasuke. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Na mtu mwenye ganda gumu kichwani huanza kukitumia kichwa kama nyundo.

Mike Webster alipofariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50, daktari Mnigeria Bennet Omalu aliukagua ubongo wake mjini Pittsburgh. Kwa macho ulionekana wa kawaida. Ulipokatwa vipande vyembamba, vikatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, zikajitokeza alama za protini iitwayo tau, dalili ya ubongo uliogongwa mara nyingi kwa miaka mingi. Webster alikuwa senta, yule anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake na papo hapo kugongana na aliye mbele yake. Alicheza misimu 17, yote akiwa na kofia ngumu ya plastiki.